Jumamosi za Malak

Kilburn, 13 Mei 2024

Baba Malak,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, na wewe sina shaka u mzima, maana mgonjwa hawezi kumrudisha mtoto nyumbani na tope mpaka kwenye kope.

Shangazi yako Bi Afra ndivyo alivyotuamua: mambo ya mtoto tuandikiane, simu iwe ya dharura tu, kwa sababu kwenye simu tunaishia kupigiana kelele. Basi kaa kitako usome.

Jana nilikuwa nafua nguo za Malak. Natia mkono mfuko wa koti, kitu kikanichoma. Nakitoa, ndoana! Imefungwa manyoya meupe na nyuzi za kumetameta kama mapambo ya bibi harusi. Nikamuuliza, "Nini hii?" Akanijibu, "It's a fly, Mum." Nikamwambia nzi nawajua mimi, hawana ndoana. Akapandisha mabega, akaingia chumbani kwake. Tangu tuachane mimi na wewe, mtoto huyu ananijibu kwa mabega. Nikibahatika, kwa Kiingereza.

Nimeuliza mpaka nimejua. Kila Jumamosi unampandisha treni kumpeleka Leigh, kule Thames inakoingia baharini, eti mnavua samaki anayeitwa sea bass kwa ndoana hizo za nzi wa bandia. Muhsin, wewe dereva wa basi. Baba yako alikuwa fundi cherehani pale Wete. Miaka yote niliyokaa kwako hukuniletea hata dagaa. Uvuvi umeujulia wapi?

Na Malak kaniambia tena kwamba samaki mkimpata mnamrudisha majini. Mnamtoboa mdomo kisha mnamwachia? Kawakosea nini? Kama ni wa kula, mle. Kama si wa kula, mwacheni na maisha yake.

Mtoto ana miaka kumi na nne na hesabu zinamshinda. Jumamosi mpeleke maktaba.

Mama Malak


Neasden, 20 Mei 2024

Mama Malak,

Waalaykumu salaam. Mimi sijambo, ahsante kwa kutoniuliza.

Unataka kujua uvuvi nimeujulia wapi. Sijaujua bado. Mwezi wa pili tulikuwa Kilburn High Road, mvua ikatukamata, tukaingia duka la mitumba kujikinga. Malak akaona fimbo ya kuvulia imesimama nyuma ya makoti ya maiti za Kizungu. Akaniuliza, "Baba, what's that for?" Hilo lilikuwa swali la kwanza kuniuliza tangu nihame. Siku ile angeniuliza kuhusu jeneza, ningelinunua.

Hatukujua kuwa ni fimbo ya kuvulia kwa nzi. Tulikwenda nayo bustanini tukairusha kama watu wanavyorusha, mshipi ukaanguka miguuni kama tambi. Malak ndiye aliyetafuta kwenye simu akanieleza. Nzi hana uzito hata kidogo. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, mzito. Unaupeleka nyuma, unasubiri unyooke, ndipo unauleta mbele. Ukiharakisha unajichapa mgongoni. Mimi nimejichapa sana, na Malak amecheka mpaka amekaa kwenye majani. Wewe mara ya mwisho kumsikia akicheka ilikuwa lini?

Habari ya kurudisha samaki, ni sheria: asiyefika sentimita arobaini na mbili anarudi majini. Sikuipanga mimi. Na usiwalilie samaki, bado hatujampata hata mmoja wa kumkosea.

Hesabu zinamshinda kwa sababu skuli hasemi na mtu, wala mwalimu hamwambii kuwa hajaelewa. Maktaba ndiyo itamfungua mdomo? Jumamosi ni zangu, mahakama ndivyo ilivyosema. Usizitie mkono.

Baba Malak


Kilburn, 17 Juni 2024

Baba Malak,

Salamu nakupa kwa sababu ni wajibu. Assalaam alaykum.

Jana ilikuwa Idi. Mwanangu kaswali na plasta shavuni, msikiti mzima unaniuliza mtoto kapigwa na nani. Nikajibu nini? Kapigwa na baba yake, kwa nzi?

Malak kanieleza yote, na kunieleza kwenyewe nilimvuta neno moja moja. Upepo ulikuwa mkali, yeye kasimama nyuma yako, wewe ukarusha. Ndoana ikamuingia chini ya jicho. Ukampeleka hospitali huko huko, wakaikata, wakaitoa. Kisha ukamleta mpaka mlangoni kwangu, ukabonyeza kengele, ukaondoka kabla sijafungua. Ulimuacha mtoto anifafanulie mwenyewe uso wake!

Simu ya dharura ni ipi, Muhsin, kama si ile? Ingepanda kidogo tu ingekuwa jicho. Nimelala kitandani mwake nikimwangalia anavyopumua, na kila nikifumba macho naona ndoana.

Jumamosi zimekwisha. Nimekwenda kwa wakili, na yeye kasema niandike, basi naandika: Malak haji kwako mpaka wakubwa wa mahakama waamue. Bi Afra asinipigie, nshamwambia.

Mama Malak


Neasden, 24 Juni 2024

Mardhiya,

Waalaykumu salaam. Hali yangu unaijua, umeitaka mwenyewe iwe hivi.

Upepo uligeuka. Malak alikuwa kavua miwani ya kukinga macho niliyomnunulia, akasogea kuniangalia. Sikukupigia kwa sababu nilijua utapiga kelele, na mtoto yuko na sindano ya ganzi usoni kanishika mkono. Nilichagua mkono wake. Ingekuwa leo ningechagua hivyo hivyo.

Wewe hukuanza kukasirika kwa ndoana ya usoni. Ulikasirika tangu siku ile uliyofua koti. Kinachokuuma ni kwamba kwangu anacheka na kwako anapandisha mabega. Sasa umepata plasta ya kumuonyesha wakili, hongera.

Fimbo iko kwako, chini ya kitanda chake. Ukitaka kuivunja ivunje, lakini mwambie mwenyewe kwamba umeivunja. Usiniachie mimi hilo.

Nami nina wakili.

Baba Malak


Kilburn, 26 Agosti 2024

Baba Malak,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillah, na safari hii nikisema alhamdulillah naisema kwa mdomo wote.

Utasikia kwa watu, bora usikie kwangu. Juzi Jumamosi nilikwenda kazini, maana pale kwa daktari wa meno tunafungua mpaka mchana. Nimerudi, kitanda cha Malak kitupu, na chini yake fimbo haipo. Nikampigia. "I'm fine, Mum," akakata. Sikuvua hata kitambulisho cha kazi. Nilikimbia mpaka stesheni ya Fenchurch Street, nikapanda treni na viatu vyangu vya ofisini.

Nilipofika Leigh nikamuona kwa mbali, amesimama kwenye ukingo wa magamba ya chaza, anarusha. Njia inazunguka. Mimi sikuzunguka. Nilitaka nimfikie nimtie kofi, nikakata moja kwa moja kwenye tope. Lile tope linadanganya, Muhsin, kwa juu linang'aa kama sakafu. Hatua chache likanimeza magoti. Nikavuta mguu huu, ule ukazama zaidi. Likafika mapajani, na maji yalikuwa yanajaa, nayaona yanakuja kwenye mfereji, hayana haraka wala hayasimami.

Malak akanipigia kelele, "Stop moving! Lean back!" Sikusikia neno. Kiingereza chote kilinitoka kichwani, nikabaki navuta miguu na kusoma shahada. Ndipo nikasikia, "Mama! Usivute mguu! Kaa! Kaa chini! Lala chali!" Kiswahili, Muhsin. Kwa sauti kama ya mama yangu akiniita niingie ndani. Nikakaa.

Akaja kwa tumbo, anatambaa kama kasa. Akatandika koti lake nyuma yangu, nikalala juu yake. Akachimba kwa mikono kuuzunguka mguu mmoja, ananiambia, "Tikisa polepole, Mama. Polepole. Usiogope, mimi nipo." Ukatoka. Akauchimba wa pili. Tukarudi kwa tumbo wote wawili, mimi na baibui langu zito kama gunia la chumvi. Viatu na simu vimebaki huko huko.

Tulipokaa kwenye magamba, tunatetemeka, nikamuuliza haya kafundishwa na nani. Kasema ulimwekea video ya walinzi wa pwani ya kujinasua topeni, ukamrudisha mwanzo kila akikosea, ukakataa kumpeleka majini mpaka aijue kwa moyo. Hilo nakupa. Hilo tu. Maana vile vile asingekuwa pale kama si wewe, na mimi nisingekuwa kwenye tope.

Kofi sikumtia. Njia nzima ya kurudi alizungumza, Kiswahili cha kubomoka, ngeli zote kazivuruga. "Samaki kinakuja na maji, Mama." Sikumsahihisha. Kaniambia kwa nini hasemi skuli. Ni yake na yangu, sikuandikii.

Peke yake hatakwenda tena. Kwako pia haji, wakili bado hajamaliza. Akitaka kuvua, nitampeleka mimi.

Mama Malak


Neasden, 2 Septemba 2024

Mama Malak,

Waalaykumu salaam. Nimeisoma barua yako nimekaa kwenye basi tupu, kituo cha mwisho, na nimechelewa kuondoa gari. Alhamdulillah. Sikutaka ufe, hata siku ile tulipogawana vyombo.

Hapo wema wangu unaishia. Umechukua nyumba, umechukua mtoto, sasa umechukua na samaki. Mimi nimechapwa mgongo na ule mshipi miezi mitano ili mtoto wangu afungue mdomo, na alipoufungua, aliufungua kwako. Unajua inavyokuwa kulisikia hilo kwa barua? Nimesoma lile neno "mimi nipo" mara ngapi sijui. Nilitaka kukupigia nimsikie mwenyewe, nikakumbuka simu yako iko kwenye tope.

Sasa sikiliza, na sikuandikii kwa ajili yako. Nunua buti za mpira. Msikate tope hata siku moja, fuateni ukingo. Nendeni maji yanapoanza kujaa, muondoke kabla mfereji haujafunga njia. Malak anarushia mkono wa kulia, kwa hiyo upepo lazima umjie kushotoni, umpeperushie ndoana mbali naye. Ukimjia kulia, fungeni fimbo mrudi nyumbani, hata akinuna. Wewe usisimame nyuma yake. Miwani asivue. Na mwambie anaharakisha. Mshipi haujanyooka nyuma, yeye keshauleta mbele. Mimi nilikuwa namhesabia kwa sauti.

Ukimhesabia wewe, usipige kelele.

Baba Malak


Kilburn, 14 Oktoba 2024

Baba Malak,

Assalaam alaykum. Malak mzima. Mimi mafua, ya kusimama kwenye maji yenu hayo.

Juzi nilikuona. Usiniambie hukuwa wewe, ile jaketi ya kampuni ya basi naijua, nimeipiga pasi vya kutosha. Ulisimama juu ya ukuta wa bahari, umejikunyata, unafikiri ukivuta kofia utageuka mtu mwingine. Malak alikuwa amekuona kabla yangu na hakuniambia. Nadhani aliogopa nitakufukuza. Hakukosea kuogopa.

Basi uliona. Ilikuwa alasiri, maji yanajaa, upepo kushotoni kama ulivyoagiza. Karusha, mimi namhesabia, kimya kimya, na mshipi ukanyooka nyuma mpaka nikaupenda. Nzi katua. Malak kavuta kidogo, kavuta tena, mara fimbo ikapinda kama inataka kunywa maji. Akapiga kelele, "Mama nishike!" Nikamshika mkanda wa suruali, yeye anavutana na samaki, mimi navutana naye. Yule samaki alitoka majini mara moja, mweupe, kapanua mapezi ya mgongoni, nikasema huyu atatuzamisha wote. Mwisho akachoka. Tukampima, kazivuka zile sentimita za sheria.

Malak akamnyanyua kwa mikono miwili. Hakuninyanyulia mimi, Muhsin. Aligeuka akamwonyesha mtu aliye ukutani. Na wewe ukageuza mgongo ukaenda zako.

Nilikuwa na mengi ya kukutukana siku zote hizi, lakini hilo ndilo baya kuliko yote, na ndoana nimeihesabu ndani. Alibaki na samaki mikononi anaangalia ukuta mtupu. Hakulia. Alipandisha mabega. Unajua mimi nimeishi na mabega yale muda gani?

Samaki nilimpika wa kupaka, kwa tui la kopo. Malak akaweka sahani tatu. Ile ya tatu kaila yeye kesho yake.

Nimemwambia wakili asimamishe karatasi kwa sasa. Usifikiri nimekusamehe, na usiniandikie kunishukuru. Jumamosi hii maji yanajaa tangu asubuhi, na Malak anataka kukufundisha kusubiri mshipi unyooke, anasema wewe ndiye unayeharakisha kuliko yeye. Simama kushoto kwake. Mimi nitakuwa kulia, mbali na ndoana, na sina la kuzungumza na wewe.

Tunapanda treni ya saa mbili asubuhi, Fenchurch Street. Usipande behewa letu.

Mama Malak