Lebo Nane

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemkata kidole ndege wa Kaka. Si kidole kizima — kipande cha ngozi ya chini tu, kama punje ya chumvi. Miaka kumi na moja amelala chali kwenye droo ya makumbusho, pamba machoni, akisubiri mashine ya kusoma vinasaba. Nikamwomba radhi kabla ya kukata. Miaka yote hiyo na bado!

Marehemu Kaka alisema: kwa manyoya hana tofauti na yule wa mjini, ila uimbaji wake mwingine, hawa si aina moja. Idarani wakamcheka. Siku tatu baadaye homa ikamchukua.

Mama kapiga simu tena. Mashine imesemaje? Nikamwambia mashine haina haraka kama wewe, Mama. Akacheka. Anataka ndege apewe jina la mwanawe, basi. Hana jingine analodai duniani.

Ijumaa, 7 Machi

Majibu. Ndege wa Kaka ni yule yule wa mjini. Herufi kwa herufi! Kompyuta ikachora mti wa ukoo, naye akatua katikati ya wale wanaochafua magari yetu kila asubuhi.

Mkuu wa idara akanipiga bega. Kaka yako alikuwa na masikio, alisema, lakini masikio si ushahidi.

Sijampigia Mama.

Jumapili, 9 Machi

Nimesikiliza kaseti ya Kaka, ya siku aliyomnasa yule ndege. Ningejua nisingeigusa. Kwanza upepo, mawe yakiporomoka chini ya viatu, halafu yeye, anahema: “Mkia, msikilize huyu. Si yule wa mjini.”

Mkia ni mimi. Nilimfuata kila aendako tangu natambaa.

Kisha ndege. Sauti tatu za kushuka, kimya, moja ya kupanda. Wa mjini hapandi, hata siku moja.

Kaka hakukosea. Basi nani kakosea?

Jumatatu, 10 Machi

Mimi.

Limenijia nikipiga mswaki, nikakaa sakafuni. Siku moja baada ya mazishi nilirudi kazini — ngozi za ndege hazingoji msiba. Trei moja ya kukaushia, ndege wanane: mmoja wa Kaka, wa kule milima ya mawe, saba wa Mkuu, wa bwawa la nyuma ya ofisi. Lebo zilikuwa zimelowa damu, wino umetapakaa. Nikazikata zote nane kwa mpigo, nikaziandika upya kwa mwandiko mzuri, nikazifunga miguuni. Zote kwa mpigo! Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua: kata moja, funga moja. Ndege asiye na lebo ni nyama tu. Nilikuwa nalia, hata uzi sikuuona vizuri, sembuse ndege yupi ni wa nani.

Bomba la maabara linadondosha. Tatu, kimya. Najikuta nasubiri la nne.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekata vidole vya wale saba wa Mkuu. Nimemwambia ni kwa kulinganisha. Na mrija mmoja mtupu, kama kawaida: mashine ikisoma chochote ndani yake, kazi yote ni chafu.

Jumatatu, 17 Machi

Mrija mtupu: hakuna kitu. Ndege sita: wa mjini. Wa saba — tawi lake peke yake! Mbali kabisa, amejitenga na hao wa mjini kabla hata ya mji wowote kuwapo. Nikajifungia chooni, nikalia mpaka pua ikavimba. Nimekupata, Kaka.

Kisha nikasoma lebo. Mwandiko wangu. Jina la Mkuu. Bwawani.

Mkuu karibu anibebe. Ndege wangu! Nyuma ya ofisi hapa hapa! Jina ameshachagua, makala ameshaanza. Nikasema hongera. Ulimi huu!

Mama akauliza: amepatikana? Nikajibu ndiyo, Mama, amepatikana. Ni kweli, na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Akapiga kigelegele kwenye simu.

Jumanne, 18 Machi

Kesho tunakwenda bwawani kumwita kwa spika, apigwe picha akiwa hai. Sauti ipo moja tu — kaseti ya Kaka. Mkuu haoni tatizo. Kaka yako alimsikia mwenyewe, anasema, ila akamnasa mwingine. Bahati mbaya. Atamshukuru mwishoni mwa makala.

Akaniagiza niikate ile sauti ya mtu mwanzoni. Kwani mkia ndio nini, akauliza, mkia wa ndege?

Sikuikata. Nilishika kitufe, nikakiachia.

Na Mama anakuja. Eti kesho lazima amwone ndege wa mwanawe. Nimeshindwa kumkatalia. Kila nikijiandaa kusema, namwona Mkuu na makala yake, namwona Mama na kigelegele chake, najiona mimi na uzi mkononi. Naona aibu. Naogopa.

Jumatano, 19 Machi

Bwawani. Naandika ndani ya gari. Spika imeshalia mara ishirini. “Mkia, msikilize huyu” — inapita juu ya maji, inagonga ukuta wa ofisi, inarudi. Hakuna anayejibu ila wa mjini, kibao, kwenye nyaya.

Mama alipoisikia sauti mara ya kwanza alikaa kwenye nyasi. Mara ya pili akaitika: “Abee, mwanangu.” Nikakimbilia gari, nikasingizia betri.

Nawaona kupitia kioo. Mama amesimama, anazungumza na Mkuu. Naijua ile mikono: anamsimulia Kaka alivyorudi siku ile na kifuko cha ndege, soksi zimejaa miba, viatu vimechanwa na mawe. Anamwonyesha alikotoka. Si kwenye maji. Kule, milimani.

Mkuu anacheka kidogo. Ameacha kucheka. Amefungua boksi, amemtoa yule ndege. Amevaa miwani. Anaigeuza lebo yenye mwandiko wangu.

Spika inaita tena. Hakuna aliyeizima.

Wamegeukia gari wote wawili. Mama ananipungia mkono niende, anatabasamu. Mkuu hatabasamu.