Sufuria la Drocella

Jumanne, 6/8/2024

Leo nimeogelea mpaka boya la mwisho na kurudi bila kupumzika. Hakuna aliyeona isipokuwa bata wawili. Ndiyo maana naandika — isipotee bure.

Likizo. Batoto wamejaa ufukweni kwetu ziwani, chini ya mji wa Kamembe, mpaka maji yamebadilika rangi. Kwenye mkataba tunaitwa animateri, mimi na Drocella. Kazi yetu ni kuwachezesha, kuwafundisha kuogelea, na jioni kuwarudishia bamama zao wakiwa wote. Vijana wa mtaa wananicheka: eti unalipwa kwa kucheza? Ndiyo, nalipwa! Mimi Izabayo niliyeacha shule sekondari ya pili, naitwa mwalimu. Wao walimaliza na wanakaa ukutani bila kazi.

Mshahara nao unacheza, ila mchezo wake ni kujificha.

Alhamisi, 8/8/2024

Lazima niandike juu ya wimbo wa Drocella. Mimi si mtu wa kusifu watu wengine, lakini huu — hapana, huu ni kitu.

Kila mtoto amepewa jina la chakula: kuna sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, kuna sombe ya majani ya muhogo, na vingine. Drocella anasimama mchangani, sketi ameikunja kiunoni, anaimba, "Leo tunapika nini?" Kutoka majini wanajibu mmoja mmoja, kila mtu kwa zamu yake: Sambaza! Mchele! Sombe! Ndizi! Benitha, sisi tunamwita Kabenitha, kembamba kama mwiko, ndiye Mafuta. Teta, binti wa Drocella mwenyewe, ndiye Chumvi, wa mwisho kabisa. Sauti ikikosa, wimbo unakatika hapohapo, wote wanasimama. Sufuria halijaenea, halijatimia!

Bosi wetu, Mzee Harelimana, alinunua firimbi. Inaning'inia kwenye msumari. Drocella anasema firimbi inaita wote lakini haikuambii nani hakuja.

Mchana hakula. Akasema ameshiba wimbo. Mimi na mdomo wangu nikamuuliza, wewe mwenye mshahara mkubwa kuliko wangu, unafunga kama askofu? Akasema mwaka jana mshahara ulikuwa unamfikisha tarehe ishirini na kitu. Mwenye nyumba akapandisha, makala ya kupikia yakapanda, na maharagwe yakaona yasibaki nyuma. Sasa unamwacha tarehe kumi na mbili.

"Kuanzia hapo naogelea," akasema.

Nikacheka sana. Halafu nikaona yeye hacheki. Halafu akacheka.

Wangu unafika mwisho wa mwezi vizuri kabisa, na viatu vipya juu. Kwa sababu anayelisha nyumba ni Maman. Hilo sikumwambia.

Jumapili, 11/8/2024

Baada ya misa nimemkuta sokoni. Nikajificha nyuma ya magunia nimwangalie — upelelezi! Muuza sambaza alikuwa amekunja uso kama ngumi. Drocella hakulilia bei. Alianza kuwaita sambaza wale kwa majina ya batoto wetu, huyu mkorofi, huyu hasikii akiitwa, mpaka yule mama akacheka akamwongezea kiganja kizima. Mafuta akanunua yale ya kwenye kijifuko, kama ya kupaka kidonda.

Ndani ya wimbo sufuria lake lina kila kitu. Nyumbani, nadhani Chumvi tu ndiyo haikosi.

Akaniona. (Mimi ni mrefu, kujificha si kipaji changu.) Tukatembea pamoja na akaniambia habari ambayo sikuipenda. Binamu yake amemtafutia kazi kule Muganza, kwenye depo ya simenti. Kuhesabu mifuko inapopakiwa kwenye malori. Karibu mara mbili ya anachopata hapa! Wanataka jibu Jumatano, tarehe 21.

Nikamwambia, mifuko haiimbi. Akasema haiimbi, ila mfuko ukizama hakuna mama anayelia.

Hataki kwenda. Amesema Bosi akimwongezea hata ya kodi peke yake, anabaki. Alhamisi atashuka Muganza aone hiyo depo, halafu ataongea na Bosi. Mimi nitasimamia ufuko.

Peke yangu! Kwa mara ya kwanza!

Alhamisi, 15/8/2024

Naandika nimejifunika blanketi. Ni baridi.

Asomusiyo, sikukuu ya kanisa. Kongé, mapumziko kwa kila mtu isipokuwa sisi na malori ya simenti. Bantu kama siafu, maspika, brosheti za nyama, harufu ya mafuta mpaka majini. Asubuhi nilikuwa mfalme. Miwani ya jua, firimbi shingoni. Batoto wote ndani ya kamba ya maboya, wote wananitii, karibu wote.

Mzee Harelimana akapita saa sita. Akauliza naweza bila Drocella? Nikamjibu — najisikia mpaka sasa nikijibu — "Mzee, hawa? Hata wangekuwa mia, miye peke yangu natosha." Akatikisa kichwa, akaenda zake. Nilifurahi kama nimepewa medali.

Saa kumi nikaimba kuwatoa. Sambaza! Mchele! Sombe! Zote. Mafuta! Nikasikia Mafuta. Chumvi! Nikasikia Chumvi. Sufuria limeenea. Nikaanza kugawa taulo.

Drocella alikuwa anashuka ngazi, ametoka tu kwenye basi, vumbi la simenti kwenye nywele. Hakunisalimia. Akanipita akikimbia. Akamshika Teta bega akamuuliza mwenzako yuko wapi, na Teta akaonyesha mitumbwi ya kukanyaga pedali, pale pembeni, nje ya kamba.

Benitha alikuwa nyuma ya mtumbwi wa mwisho. Maji kidevuni. Ndala yake moja ilikuwa imeelea huko, naye anaifuata hatua kwa hatua, mkono mbele. Mbele yake pale chini panakatika ghafla, mimi napajua, ni mimi huwa naruka pale kujionyesha. Drocella aliingia na nguo zake na mkoba begani. Alipomshika, miguu ya mtoto ilikuwa tayari imeacha mchanga.

Ndiyo hivyo. Ndala ya mpira. Benitha alikuwa amemwambia Teta aitike mahali pake, kwa sababu akirudi na ndala moja nyumbani kutawaka, hakuna ya kununua nyingine. Teta akaita "Mafuta" kwa sauti nyembamba, halafu "Chumvi" kwa sauti yake. Rafiki mwema! Na mimi nilisikia maneno.

Drocella alisikia koo. Koo la binti yake, mara mbili, kutoka juu kwenye ngazi, na muziki wote ule.

Ningekuwa yeye, ningenitukana mpaka Ruhwa, nivuke mpaka wa nchi. Yeye alikamua sketi yake. Akamwendea mama wa Benitha mwenyewe, akamweleza, akamwomba asimpige. Kisha akarudi kwangu. Nikangoja.

"Kesho utaimba tena," akasema. "Mimi nitakaa majini, nikusikilize."

Ijumaa, 16/8/2024

Nimeimba. Amenirudisha mwanzo mara nyingi, sitasema ngapi. Anawaambia wabadilishane majina kwa siri ili nimkamate mwizi. Mwisho nimemkamata Ndizi akijifanya Sombe! Drocella akanipigia makofi akiwa majini. Nilijisikia vizuri kuliko lile boya la mwisho.

Jumatatu, 19/8/2024

Ameingia kwa Bosi, ametoka upesi.

Bosi si mtu mbaya. Amemwambia naye petroli ya boti inamla, kodi inamla. Halafu amemwambia kwamba Alhamisi, siku ngumu kuliko zote, kijana alifanya peke yake na hakuna kilichoharibika. Tena kijana mwenyewe amesema hata mia anaweza. Sasa wa pili wa nini, sembuse kumwongeza?

Maneno yangu. Kama nilivyoyasema, hata hakuyapunguza.

Nikamuuliza Drocella kwa nini hakumwambia habari ya Benitha. Akasema angeniharibia kazi, na Maman angu ni mtu mzima, asizidishiwe mzigo. Kwa hiyo anajua nani analisha nyumba yetu! Anajua siku zote, na hajawahi kunitania.

Jioni Bosi ameniita. Drocella akienda, ataniongezea kidogo. Kidogo kweli. Nilisema asante. Mdomo huu.

Jumatano, 21/8/2024

Niko kwenye benchi nje ya ofisi. Drocella yuko ndani. Ameshika ufunguo wa stoo ya jaketi za kuelea, na binamu yake ameshapiga simu mara mbili toka Muganza. Teta amekaa kando yangu anachora sufuria mchangani kwa kidole.

Nilipofika nimebisha hodi, nikachungulia, nikasema, Mzee, nina neno kabla hajakurudishia huo ufunguo. Akasema ngoja nje, nitakuita.

Neno lenyewe ni fupi. Nikilisema, ile nyongeza inakufa, na labda kazi pia, na vijana wa ukutani watanipisha nafasi. Sijawahi kulisema kwa mtu. Afadhali niogelee mpaka boya nisilo na hakika nalo kuliko kulisema.

Nalijaribu hapa kwanza: Siwezi peke yangu.

Tena. Siwezi peke yangu.

Teta amesoma akichungulia begani kwangu, anauliza siwezi nini. Ndani kiti kimesogezwa. Mzee anaita jina langu —