Nilimwambia Wifi Hatujamwona Mwanawe

Jumamosi. Hapa Tangini, Kibaha, kumeamka na manyunyu, na mimi nimeamka na aibu ya miezi saba.

Miezi saba iliyopita kaka yangu Shabani alirudi kutoka Uholanzi na binti yake Salma, wa miaka sita. Alisema wamekuja likizo. Wiki ya tatu mama wa Salma, wifi yangu Marieke, akanipigia. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akauliza, "Wifi, Salma yuko kwenu?"

Nikamwambia hatujamwona.

Salma alikuwa sebuleni kwangu, anachora.

Nilijiambia namlinda kaka. Ndoa yao ilikuwa imevunjika, naye aliogopa mahakama ya kule ingempa mama mtoto. Akampeleka Salma kwa mama yetu Kisarawe, sote tukanyamaza. Baada ya muda Salma akaacha kumtaja mama yake. Tukasema amezoea.

Jumatano nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii hapa Kibaha. Nilitegemea kugombezwa. Akanieleza taratibu kwamba mtoto ana haki ya kuwasiliana na wazazi wake wote wawili, hata wakiishi nchi tofauti.

"Haki hiyo si ya kaka yako wala ya wifi yako," akasema. "Ni ya Salma."

Leo nimekwenda Kisarawe. Nimemwambia Shabani mbele ya mama kwamba nampigia Marieke, na kama ni kunichukia, anichukie. Akatoka uani kwa hasira. Mama akaniambia, "Piga, mwanangu."

Marieke alipouona uso wa Salma kwenye simu, alimwita jina mara mbili. Salma akamtazama tu. Nikaogopa kweli amemsahau. Kisha akaanza kuongea Kiholanzi, harakaharaka, lugha ambayo hatukuwahi kuisikia tena kinywani mwake tangu alipozoea.

Shabani alirudi, akasimama mlangoni, machozi yanamtoka. Nikamuuliza Shabani mtoto anasema nini.

"Anamwambia jino limeng'oka."

Akachukua simu, akamwambia Marieke walipo. Jumatatu tutakwenda wote kwa afisa ustawi, Marieke akiwa kwenye simu. Najua hayataisha siku hiyo.

Mwishoni nilimwambia, "Wifi, nilikudanganya. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliuliza tu kama anaweza kupiga tena kesho.

Nimemwambia apige hata alfajiri.