Gurudumu Lililobaki Mollo

Mollo, 6 Mei 2024

Mwanangu Teodori,

Pokea salamu za mama yako. Huku tunapumua, ila goti langu na baridi hii havielewani. Wewe hujambo? Mkwe wangu Salome je, na huyo mjukuu ambaye bado sijamtia machoni?

Barua hii nampa kondakta wa basi la Kasanga. Kwenye simu nikisikia sauti yako nasahau nilichotaka kusema.

Nashukuru kwamba utakuja kunichukua. Umesema utalala hapa Jumamosi, Jumapili alfajiri tushuke kwenye ubatizo wa mtoto. Najua padre akiondoka kigangoni kwenu kurudi ni miezi. Lakini mwanangu, hilo gari umenunua kwa mtu. Kama ni zima, yeye aliliuzia nini? Breki zinashika? Ule mteremko wa kwenu unaujua. Niambie ukweli, usinibembeleze.

Mama yako,
Bertilla

Kasanga, 14 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, Alois mdogo ananyonya na kulala tu. Pole na goti.

Ulivyouliza habari za breki nikampelekea fundi Edwin gari. Alipofungua magurudumu akacheka: "Kaka, wewe ulikuwa unasimama kwa sala za mama yako!" Pedi zilikuwa zimelika zote. Amefunga mpya. Asante mama, mimi nilikuwa naona sawa tu.

Sasa kila asubuhi kabla sijawasha natazama oili, maji ya rejeta na oili ya breki. Nazunguka nikikagua matairi, Salome anasimama nyuma kuniambia kama taa zinawaka. Spea tairi ina upepo, iko kwenye buti pamoja na jeki. Hata bibi harusi hakaguliwi hivi. Usiogope.

Mwanao,
Teodori

Mollo, 3 Juni 2024

Mwanangu Teodori,

Nimefika salama na basi. Hamjambo wote? Mbusu mjukuu wangu kwenye utosi.

Nina neno limenikaa kifuani. Jumapili ile, ulipokuwa ndani unakunywa uji, mimi na shangazi yako Asnath ndio tuliotoa lile gurudumu kwenye buti. Unga wa ulezi na maharage havikuenea. Nikamwambia Asnath, magurudumu manne yako chini yanafanya kazi, hili la tano linapanda bure. Yeye akasema, "Litoe, wifi. Utaenda kwa wakwe mikono mitupu kwa ajili ya mpira?" Tukaliweka ghalani.

Tairi lilipopasuka pale mteremkoni nilishika mkanda nikamwita Bikira Maria. Gari likayumba, ukakanyaga breki, likasimama. Nashukuru breki zile. Ukafungua buti, ukatazama gunia, ukafunga buti tena. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mungu ambariki yule Yonas wa gari la samaki aliyetubeba. Nilinuka dagaa kanisani lakini nilifika, padre akiwa ameshika maji. Nimempakata Alois wakati anabatizwa, nami nilidhani siku ile imenipita.

Halafu mama mkwe wako akauliza mbele ya watu mbona tumechelewa. Ukajibu, "Kosa langu mama, dereva hukagua akishapakia." Hukunitaja. Mwanangu, nililia jikoni kwa Salome, nikasingizia moshi. Asante kwa kunifunika.

Mama yako,
Bertilla

Kasanga, 9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na gurudumu ulilotuma nimelipokea kwa kondakta. Alilalamika njia nzima.

Usinishukuru, mama. Sikukufunika. Asubuhi ile nilifungua buti kabla hatujaondoka. Niliona gunia, nikaona spea haipo. Nilitaka kuliteremsha, nikakuona umesimama mlangoni na khanga yako mpya, unafurahi, na shangazi anasema, "Leo wakwe watatujua!" Nikaona haya. Nikafunga buti nikajiambia, mara moja tu. Nilikupeleka kwenye ule mteremko nikijua. Nililowaambia wakwe, kwamba kosa ni langu, lilikuwa ukweli mtupu.

Unisamehe. Na asante kwa ulezi, Salome amepata nguvu, maziwa yanatoka.

Mwanao,
Teodori

Mollo, 17 Juni 2024

Mwanangu Teodori,

Salamu nyingi kwenu nyote. Huku hatujambo.

Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikamsomea Asnath. Amenyamaza, jambo ambalo wewe mwenyewe unajua ni muujiza. Nimekusamehe kabla hujaomba, na namshukuru Mungu aliyetusamehe wote wawili pale mteremkoni.

Ila nisikilize. Mimi nitapakia tena, sitaacha, ndivyo nilivyo. Ukija na mkeo na mtoto ndani ya gari hilo, nami nikipakia kupita kiasi, wewe teremsha. Teremsha mbele yangu, weka chini hapo uani, usinitazame usoni. Nitanuna. Nitanuna mpaka mpite kona ile ya kwanza, halafu nitapiga magoti nishukuru kwamba nina mtoto anayeweza kunikatalia.

Mama yako akupendaye,
Bertilla