Jina la Mama Lilivyofungua Waifai

Kibamba, Dar es Salaam

Dada yangu Kabula,

Shikamoo. Nimepiga goti huku huku sebuleni, ndiyo maana mwandiko umeinama. Goti lako wewe linaendeleaje, bado linakusumbua ukienda kisimani? Na yule ng'ombe mweusi kazaa, au bado anatuzungusha? Sie wazima kabisa. Barua hii anakuja nayo shemeji Masanja, maana haya nikiyasema kwa simu yatakatika katikati, na mie sitaki ukose hata neno.

Neema kapata kazi, dada. Mwanangu anafundisha Kiswahili watu walioko Ulaya, na hatoki nyumbani. Anakaa kwenye meza yangu ya chakula, kavaa vizuri, wanaonana kwenye kompyuta. Wanamwita mwalimu. Nimesikia kwa masikio yangu nikiwa nachambua mchele.

Lakini kazi yenyewe nusura ituponyoke. Walimwambia usaili ni wa video, Alhamisi asubuhi, na aufanyie hapo hapo nyumbani, waone kama mtandao wake umetulia. Sasa nyumba yetu iko bondeni, humu ndani simu haishiki mpaka ukasimame karibu na choo. Ndipo tukanunua kidude kinaitwa ruta, hicho ndicho kinachomwaga waifai nyumba nzima.

Fundi alikuja Jumatatu, Neema yuko mazoezi ya kwaya. Akakipandisha juu ya kabati la vyombo, karibu na dirisha linalotazama mnara wa simu, taa zikawaka kijani. Akaniuliza, "Mama, neno la siri tuweke nini?" Nikamwambia weka jina la marehemu mama yetu, Rozalia, herufi ndogo tupu. Akabonyeza kwenye simu yake, akasema tayari, akaondoka. Mie na simu yangu ya vitufe ningejaribia wapi? Nikaenda zangu uzioni kumjulisha jirani, Mama Shani, kwamba kuanzia leo hapa kwetu kuna waifai.

Neema karudi, kaandika rozalia. Ikakataa, ikasema neno siyo sahihi. Kaanza na herufi kubwa, ikakataa. Kaandika zote kubwa, wapi. Fundi tukimpigia hapatikani. Huduma kwa wateja wanakuwekea muziki tu, nimeukariri mpaka nauimba nikifua. Neema akataka kuchokoa kile kitundu cha nyuma kwa sindano, nikamzuia, maana fundi alisema ukibonyeza hapo kila kitu kinafutika, mpaka aje yeye tena.

Mama Shani naye kila akianika nguo uzioni ananiuliza: "Mama Neema, waifai imekubali, au ni pambo la kabati?"

"Inapasha moto," nikamjibu.

Jumatano jioni Neema alikuwa anapiga pasi blauzi ya usaili, machozi yanadondokea kwenye kola. Akasema kesho ataenda Mbezi Luis, kwenye stesheneri ya rafiki yake yenye mtandao, karibu na stendi. Nikamwambia waliotaka kukuona nyumbani watasikia honi za mabasi ya mikoani, watakufikiria nini? Akaweka pasi chini.

"Mama, hebu nikumbushe. Ulimwambia fundi aandike nini?"

"Lozalia."

"Rozalia."

"Ndiyo, Lozalia. Sasa unabisha nini?"

Akanitazama, dada. Unajua huyu mtoto toka yuko sekondari ananisahihishaga, mama siyo lafiki, ni rafiki. Mama siyo balua, ni barua. Kwenye karatasi mie r naijua vizuri, unaiona hapa. Ulimi ndio umebaki kwetu Magu. Basi akachukua simu, akaandika polepole, kwa el. Zikaanza kuingia meseji, ti ti ti, kama mvua ya mawe kwenye bati.

Neema alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama, fundi kaandika kama ulivyosema."

"Kwani ulitaka aandike ambavyo sijasema?"

Alhamisi wakamsaili, picha haikukwama hata mara moja. Kabla jua halijazama wakamwandikia kwamba wamemchukua. Mwalimu wa Kiswahili huyo, na kafunguliwa mlango na el yangu. Nimemwambia, na nitamwambia mpaka azeeke. Mama Shani kaja kuomba neno la siri, nikamtajia kwa mdomo. Kaandika kwa r. Nimemwacha ahangaike mpaka Jumapili.

Neema alitaka kulibadilisha, baadaye kasema hapana, liwe hivyo hivyo.

Nisalimie shangazi anayelea wajukuu, na kaka yetu wa mashine ya kukoboa, mwambie mpwa wake sasa ni mwalimu wa Ulaya. Na wewe ukishavuna njoo, kitanda kipo. Hutahitaji kumuuliza mtu neno la siri. Andika jina la mama kama tulivyomwitaga nyumbani, itakufungulia.

Mdogo wako anayekupenda,
Mama Neema, mama wa mwalimu