Kwenye Muvi Wote Wanasameheana

Jumapili, Kilema. Mvua tangu asubuhi, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na mimi sina hamu ya kitu chochote. Mnaokuja hapa kutafuta muvi nzuri, leo mnivumilie.

Wiki hii nimetazama tatu, mimi na Baba. Tangu apigwe na kiharusi hasemi, basi namwegemeza kwenye mto, nawasha televisheni, tunatazama.

Ya kwanza ya Kihindi, iliyotafsiriwa na jamaa anayefoka kuliko waigizaji wenyewe. Mzee anamfukuza mwanawe, mwana anaimba kwenye mvua, mzee analia, yameisha. Upuuzi mtupu. Nililia hata hivyo.

Ya pili ya hapa hapa Bongo. Mgonjwa yuko mahututi na kope za bandia, bandeji kwenye paji la uso wakati anaumwa figo. Anaamka, anausia ukoo mzima, ndiyo anakata roho. Nilitaka kuitupa rimoti. Baba yangu hajapewa hata neno moja.

Ya tatu ya Wazungu, nzuri kweli, haina makelele. Mzee na mwanawe hawaongei kwa miaka. Mwishoni mwana anamshika mkono wa kushoto, mzee anaubana.

Hapo nikazima.

Nilimkumbuka Aloyce, mdogo wangu. Aling'oa mibuni ya Baba bila kumuuliza akapanda parachichi, wakanuniana mpaka kiharusi kikaja. Jumatano alipanda kutoka Dar, akakata jani la isale pale kwenye ua, akapiga magoti, akamwekea Baba kwenye mkono wa kulia. Huku kwetu mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na ukilipokea umesamehe. Hakuna anayekataa.

Jani likaanguka.

Aloyce akasimama, chai hakunywa, akaondoka. Alikuwa hajamwona Baba tangu augue. Lakini mimi ninayemwogesha na kumvalisha kila siku, mimi nilishindwaje kusema kwamba mkono ule umepooza? Mimi na ndugu waliokuja kushuhudia tulibaki tunaliangalia jani. Nani angemwekea mzazi isale kwenye mkono wa kushoto? Adabu ndiyo imetuponza.

Leo baada ya misa nimekata jani jingine. Nikamwambia Baba hili ni la Aloyce, nikamwekea kushoto. Amelishika. Nilitaka kulitoa nimlishe uji, akagoma kuliachia.

Nikampigia Aloyce. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu, "Dada, usinionee huruma. Niliona kwa macho yangu." Akakata. Tangu hapo hapatikani, na mke wake naye hapokei.

Nimechoka. Sijawahi kuchoka hivi.

Baba hatazami televisheni leo. Anatazama mlango, na kila mbwa akibweka anajaribu kuinua kichwa. Nimwambie nini?