Mchana Pampu Zilipozima

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti changu cha cherehani, sare za shule za watu zimenizunguka na hakuna hata moja niliyoigusa leo. Kile kikohozi ulichokitaja mwezi uliopita kimeisha? Wifi hajambo? Na yule mdogo, bado anaita kila mwenye ndevu baba? Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo ndizo zimenifanya nichukue karatasi zote hizi.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma mara tatu. Nimefurahi sana kusikia mkataba umeisha na unakuja mwezi ujao. Chumba chako nimekitoa mafurushi ya vitambaa, kitanda kimebaki na kile kilio chake, utakivumilia. Umeniuliza mambo mengi na yote nitayajibu, ila kuna moja limenikaa kooni. Umeniomba nikukatie kipande cha Kifungo uondoke nacho, watoto wako waone tumbawe ambalo bibi yao alilipanda kwa mkono wake. Kaka, nitafika hapo. Niache nizunguke kidogo, unanijua.

Mazishi ya baba yalikwenda vizuri. Najua bado unajilaumu kwa kutofika, lakini hakuna aliyekunung'unikia, na aliyethubutu kuuliza nilimjibu mimi, na unajua nikijibu mtu harudii. Mafundi bomba wenzake baba walikuja wote, wazee watupu, wamevaa mashati ya kupiga pasi na hawajui wapeleke wapi mikono yao. Mmoja aliingia jikoni, akausikia ule mfereji unaodondosha, akatoa spana mfukoni akaukaza bila kuagizwa na mtu. Mtu kutoka kwake na spana, tena kuja mazishini! Nilicheka hadi nikalia, nikashindwa kujua nimeishia kwenye kipi.

Sasa tangi la samaki.

Unakumbuka siku mliyoliingiza sebuleni wewe na baba, mama aliuliza kama ameolewa na fundi bomba au na mvuvi. Maji ya chumvi ndani ya nyumba, alisema, yatatuozea makochi. Mwezi haukuisha, akawa anakunywa chai yake mbele ya kioo. Na siku ulipoleta vile vipande vya matumbawe, akachagua kimoja kidogo kama kifungo cha shati, akakunja mkono wa gauni, akakibandika mwenyewe kwenye jiwe. Kikaitwa Kifungo hata kilipokuwa kipana kama sahani. Mama alipofariki baba alikuwa anakaa pale kila asubuhi anakisalimia. Nilimkuta siku moja anakiambia bei ya sukari.

Na pampu unazikumbuka, ulivyotusumbua nazo. Ulisema maji yanashuka toka juu kwenda tangi la chini kabatini, yanachujwa, na lazima yarudi juu, kwa sababu yasiporudi viumbe vya juu vinakosa pumzi. Kwa hiyo pampu ya kurudisha isiwe moja. Ziwe mbili, zifanye kazi pamoja, kila moja kwa nusu ya nguvu, ili siku moja ikifa nyingine ibebe. Baba akaziita mke mkubwa na mke mdogo. Mama akaweka mwiko chini akasema humu ndani mke ni mmoja, na anayebisha achukue mkeka akalale kabatini na pampu zake. Ndipo zikawa Mama Mkubwa na Mama Mdogo, yenye utepe mwekundu na yenye utepe wa bluu. Kabla hujasafiri ukabandika karatasi ndani ya mlango wa kabati kwamba kila moja iwe na soketi yake, kwenye ukuta wake, na chini yake ukaandika kwa herufi kubwa: HAWA HAWALALI KITANDA KIMOJA.

Karatasi ile ipo. Wino umefifia lakini inasomeka.

Wewe ukaenda zako, nikabaki mimi na baba na wale mama wawili. Kila Jumamosi natoa mmoja, naloweka kwenye siki, nasugua chumvi kwa mswaki, narudisha. Jumamosi ya pili mwenzake. Macho ya baba yalipozima kabisa, hakuacha kusimamia. Miaka thelathini ya kusikiliza mabomba kutani haikumtoka. Akikaa kwenye kochi ananiambia Mama Mkubwa leo anasaga meno, kamuoshe, nami nikifungua namkuta kweli amejaa chumvi. Na kila asubuhi alikuwa ananiomba nimsomee tangi, kama watu wanavyosomewa gazeti. Namwambia Kifungo amefunguka, wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wamegombana tena, kamba amevua gamba lake. Anatikisa kichwa, ameridhika.

Alipoanguka bafuni akavunjika nyonga, alitaka kitanda chake kihamie sebuleni ili asikie maji. Tukakihamisha. Muuguzi anayepita majumbani akaleta godoro la hospitali, lile linalojaa upepo upande huu na kupungua upande ule ili mgongo usitoke vidonda. Akasisitiza mashine yake ichomekwe ukutani moja kwa moja, isichangie na kitu kingine chochote. Na ukuta ule wa kitandani, kaka, una soketi moja tu. Ilikuwa ya Mama Mdogo.

Nikamchomoa. Nikampeleka kabatini kwenye waya wa kuongezea, tundu la pili baada ya Mama Mkubwa, pamoja na taa na vifaa vingine vyote vya tangi. Niliisoma karatasi yako wakati nafanya hivyo. Nikajiambia ni siku mbili tatu, mpaka fundi umeme aje atoboe soketi nyingine. Fundi umeme aliniahidi Jumatatu, akaniahidi Alhamisi, akaniahidi mpaka aibu ikamshika akawa hapokei simu. Nami nikaacha kumtafuta. Nilikuwa namgeuza baba kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kati ya kugeuza na kugeuza nashona. Wiki saba zikapita hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano mchana, muuguzi ndiyo kwanza ameondoka. Chumvi ilikuwa imeula ule waya pole pole bila mimi kuona. Ukaungua kwa ndani, wala haukutoa moshi. Vikazima vyote kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka kando ya kitanda cha baba, nikaja kuamka alfajiri ya kesho yake. Samaki walikuwa wanaelea. Nilinunua waya mpya duka lilipofunguliwa tu, pampu zikaanza kuzunguka, lakini maji yalikuwa yameshaharibika. Matumbawe yakaanza kuchuruzika ute, moja leo, jingine kesho. Kifungo alijitahidi mpaka Jumapili. Nilimwona anavyotoka nyama, mpaka chini ukabaki mfupa mweupe.

Kaka, Kifungo hayupo. Amekufa miezi minne kabla ya baba, na nilikuficha kwenye barua tano.

Baba pia nilimficha. Nilimwaga maji ya zamani, nikajaza mapya, nikaziacha pampu ziendelee, ili asikie sauti ile ile. Asubuhi aliponiomba nimsomee tangi nikamsomea. Nilisema Kifungo amefunguka vizuri leo. Nilisema wale wawili wamegombana. Nilikuwa nasimama mbele ya kioo kitupu, kama kichaa, namtungia kamba maisha. Baba ananikumbusha niwape chakula, nami nachukua kopo nalitikisa alisikie, nanyunyiza chakula kwenye maji yasiyo na mdomo hata mmoja, kisha nakiopoa na kichujio cha chai. Miezi minne! Na yeye akisikiliza anatikisa kichwa na kusema vizuri, mama, vizuri.

Wiki yake ya mwisho, asubuhi moja nilipofungua mdomo, alininyanyulia mkono. Akasema leo nisimsomee, nikae. Nikakaa. Akaniambia nimletee Kifungo mkononi. Nikaenda kwenye droo ya vitambaa, nilipokuwa nimeuficha ule mfupa ndani ya kipande cha kitani, nikamwekea kiganjani. Aliupapasa taratibu, kijibonde kwa kijibonde, mpaka ukingoni. Akasema umekuwa mkubwa kweli, mkewe angejisifu mtaa mzima.

Kisha akanieleza kwamba alijua tangu Jumatano ile ile. Kwamba alisikia maji yanakoma. Hakuwa amelala hata kidogo. Alinisikia nakoroma kwenye mkeka, akahesabu ni wiki ngapi hajanisikia nikikoroma, akasema moyoni kama ni kuchagua kati ya tangi na huyu, basi huyu alale. Alisikia samaki wanapanda juu kutafuta pumzi, wanafyonza hewa, mmoja mmoja, mpaka wakanyamaza. Saa zangu za kumgeuza zilipita, hakuniita. Alikuwa na kiu, hakuniita. Kile kidonda kidogo cha kiunoni ambacho muuguzi alinigombeza nacho Ijumaa, kaka, ndicho alicholipia usingizi wangu. Na asubuhi nilipoanza kumsomea tangi aliona nahitaji kumsomea, akaniachia.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia baba kile ambacho sikuwa nimemwambia mtu, na ambacho hata wewe sijakuandikia sawasawa hapo juu. Rudi usome. Nimeandika kwamba nilikuwa nimelala. Si kweli. Nilikuwa macho pampu zilipozima.

Nilisikia. Nilisimama, nikafungua kabati, nikaona taa zote zimekufa, nikajua ni ule waya, nikajua na dawa yake, maana soketi ya cherehani yangu ilikuwa hatua sita tu, ningeichomoa na waya wa pampu ungefika. Dakika mbili za kazi. Lakini kimya kile, kaka. Sijui nikuelezeje. Miaka mitatu ile sauti haijanitoka masikioni, pampu, na baadaye godoro, na cherehani, na baba akiniita, na ghafla chumba kikanyamaza, ikabaki pumzi ya godoro tu, na baba naye nikadhani amelala. Kilikuwa kitamu. Nikafunga kabati taratibu. Nikasema dakika tano tu. Nikajilaza, na nikiwa najilaza nilijua ninachokifanya, na nilikichagua. Dakika tano zikawa alfajiri.

Nilimwambia baba hayo yote nikiwa nimelalia ukingo wa kitanda, sina pa kuweka uso wangu. Halafu akasema hilo nalo alikuwa analijua. Alisikia nyayo zangu zikienda kabatini, akasikia mlango ukifunguliwa, akasikia nimesimama, akasikia sumaku ya mlango ikibana tena. Alisema nilipofunga ule mlango alishukuru. Alikuwa anaogopa nitautengeneza ule waya.

Alifariki siku tatu baadaye, mchana, nikiwa nimemshika. Kwa hiyo watu wakinipa pole na kunisifu kwamba nilimtunza baba, natamani ardhi inimeze.

Basi ndiyo hayo. Mfupa wa Kifungo upo kwenye kitani chake, ni wako ukiutaka. Tangi ni maji matupu. Godoro limerudishwa hospitali na Mama Mdogo amerudi ukutani kwake, kwa hiyo sasa kila mmoja ana soketi yake kama ulivyoagiza, wanarudisha maji juu saa zote na hakuna kiumbe wa kuyapumua. Nimeshika plagi mara mbili, mkono umekataa. Nakungoja wewe. Utamchomoa Mama Mkubwa, mimi nimchomoe Mama Mdogo, kwa pamoja, halafu kama ni kunigombeza ukae unigombeze mpaka uchoke. Sitajibu, nakuahidi, mimi Sindano sitajibu.

Msalimie wifi, umwambie gauni lake liko tayari, nimeliachia kidogo kiunoni asije akanisema. Wabusu watoto. Wazee wa mabomba wanakusalimu wote, na yule wa spana anasema mfereji ukidondosha tena usiguse, umwite yeye.

Ufunguo uko kwa mwenye duka la chini kama zamani. Ukifika ukanikuta nimelala, kaka, tafadhali niamshe.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano